Mji Hauna Baba, Una Wenyewe

Twaanza na neno moja ambalo halitawapendeza wote: sisi watu wa Likasi tumezoea kulelewa. Twalalamika kama watoto, twangoja kama watoto, na mwisho twagawiwa kama watoto. Mfereji ukiziba mbele ya nyumba zetu, twauliza, "Leta iko wapi?" Bomba la maji likikauka, twasema, "Wakubwa wametusahau." Lakini mkubwa wa kartie akiita watu waje kusikiliza habari za kartie yao wenyewe, viti vinabaki vitupu. Twakaa nyumbani na kulirudia lile neno linalosikika kila pahali katika Katanga: "Politike ni bubeshi tu, ni mambo ya bakubwa."

Tumekusudia kulipiga vita neno hilo. Siyo kwamba hakuna uwongo katika siasa. Upo, tena mwingi. Bali neno hilo ndilo chakula cha waongo. Mwizi hapendi kitu chochote kama nyumba ambayo wenyewe wamesema, "Mambo ya mlango hayatuhusu."

Wala hapa hatutazungumza habari za rais na mawaziri. Habari hizo kila mtu anazijua, na kila baa ina mabingwa wake. Twataka kuzungumza habari za karibu: kartie, komini na mji, mfereji, soko, bomba, taa, cheti cha kuzaliwa cha mtoto. Huko ndiko tunakoishi, na huko ndiko tunakokukimbia.

Baba aliyetulea

Ili kuelewa ugonjwa huu, yafaa kukumbuka jinsi mji wetu ulivyozaliwa. Likasi haikuota kando ya soko wala kando ya bandari. Iliota kando ya shaba. Union Minière du Haut-Katanga, iliyoundwa mwaka 1906, ilijenga mitambo yake Panda na Shituru, na mji ukapewa jina la Mbelgiji Jean Jadot, ukaitwa Jadotville. Jina la Likasi lilirudi mwaka 1966. Kampuni iliandika wafanyakazi kutoka Kasai, kutoka Rodesia ya Kaskazini, kutoka Ruanda-Urundi na kutoka vijiji vya Katanga yenyewe. Iliwapa nyumba katika kambi. Iliwapa posho ya unga. Iliwatibu, iliwazalisha wake zao, iliwafundisha watoto wao. Ilijua hata idadi ya watu katika kila nyumba, maana posho ilihesabiwa kwa vichwa. Serikali ilipoitaifisha Kampuni mwaka 1967, jina likabadilika, hata ikawa Gécamines, lakini mazoea yalikuwa yaleyale.

Hatusemi haya kwa kuwadharau wazee wetu. Posho ile imewakuza wengi wanaosoma ukurasa huu. Lakini baba yule alikuwa na sharti lake: mtoto ale, asiseme. Desemba 1941, wafanyakazi waliogoma hapa Jadotville na katika Elisabethville walikuwa wakiomba mshahara unaolingana na bei za wakati wa vita. Walijibiwa kwa risasi. Unga ulitolewa; sauti haikutolewa.

Kisha nguvu za baba zikaisha. Mwaka 1990 mgodi wa Kamoto kule Kolwezi ulibomoka, na tangu hapo Gécamines ikashuka ngazi kwa ngazi. Mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliachishwa kazi kwa mpango ulioitwa kuondoka kwa hiari. Profesa Donatien Dibwe dia Mwembu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi alikwisha andika kitabu kizima juu ya ukoo wa wafanyakazi hao, akakitoa mwaka 2001 na kukiita "Bana Shaba abandonnés par leur père", yaani wana wa Shaba walioachwa na baba yao.

Basi, mtoto aliyeachwa na baba ana njia mbili. Aweza kukua upesi, ashike jembe na kuitunza nyumba. Au aweza kwenda kutafuta baba mwingine mlango kwa mlango. Twaogopa kwamba wengi katika mji wetu wameifuata njia ya pili. Baba mpya ni mbunge aliyekuja na gari refu. Kesho ni gavana. Kesho kutwa ni mwenye kiwanda kutoka ng'ambo. Kila mmoja twampigia makofi, kila mmoja twamwomba, na kila mmoja akiisha kupata alilotaka, twaimba wimbo uleule wa yatima.

Mji hauna baba. Una wenyewe. Na wenyewe ndio sisi.

Kura ya 1957 na kura ya 2023

Vijana wengi hawajui kwamba mji huu ni mmoja wa miji mitatu ya kwanza ya Kongo ambamo Waafrika walipiga kura. Ilikuwa Desemba 1957, miaka miwili na nusu kabla ya uhuru, kwa kufuata dekreti ya tarehe 26 Machi ya mwaka uleule. Miji hiyo ilikuwa Léopoldville, Elisabethville na Jadotville. Katika Léopoldville, Joseph Kasa-Vubu alipata kuwa burgumesta wa Dendale, naye mwaka 1960 akawa rais wa kwanza wa nchi. Katika Jadotville, Victor Lundula alipata kuwa burgumesta, naye Julai 1960 akawekwa kuongoza jeshi la taifa. Angalieni basi jinsi komini ilivyokuwa shule ya watu walioitwa baadaye kwenye kazi kubwa.

Kura ile ilikuwa na kasoro zake, wala hatuna haja ya kuzificha. Walipiga wanaume tu, wenye miaka 25 na zaidi; wanawake walingoja mpaka mwaka 1967 ndipo wakapewa haki ya kupiga kura. Mabaraza yalikuwa ya kutoa shauri, na juu ya waburgumesta wote aliketi Mbelgiji. Tena ilikuwako kasoro kubwa kuliko hizo: watu walihesabiana kwa makabila. Katika Elisabethville, wengi wa waliopata ukubwa walikuwa watu waliotoka Kasai na sehemu nyingine za nje ya Katanga. Wenyeji wakaona uchungu, na Oktoba 1958 ikazaliwa Conakat. Yaliyofuata twayajua: kujitenga kwa Katanga tarehe 11 Julai 1960, vita, na askari wa Umoja wa Mataifa kuingia Jadotville Januari 1963. Tutarudi kwenye jambo hili la makabila, maana halikwisha siku ile.

Baada ya hapo zilikuja siku za chama kimoja, MPR, ambamo mtu alichagua kati ya watu wa mfuko uleule. Hatimaye Katiba ya tarehe 18 Februari 2006 ilisema kwamba mji, komini, sekta na sheferi ni sehemu zenye kujiendesha zenyewe. Sheria ya tarehe 7 Oktoba 2008 ikafafanua: komini iwe na baraza lililochaguliwa na wananchi, na baraza hilo lipitishe bajeti na kumkagua burgumesta pamoja na wasaidizi wake.

Maneno mazuri, yameandikwa vizuri. Lakini uchaguzi wa 2006 ulipita, wa 2011 ukapita, wa 2018 ukapita, bila kura ya komini hata moja. Tarehe 20 Desemba 2023 washauri wa komini walichaguliwa kweli. Walakini katika miji mikuu ya majimbo tu. Lubumbashi walichagua. Likasi, yenye komini zake nne, yaani Likasi, Kikula, Panda na Shituru, haikuchagua. Mji uliopewa kura ya komini mwaka 1957 chini ya Mbelgiji, haukupewa kura hiyo mwaka 2023 chini ya bendera yake wenyewe.

Ndugu wasomaji, tuulizane kwa ukweli: siku ile ni wangapi kati yetu walioona kwamba kuna kura iliyokosekana? Habari za rais zilijaa mitaani, sokoni na hata mlangoni pa kanisa baada ya Misa. Habari za komini hazikuwa na mtu wa kuzililia. Mtu akiibiwa mbuzi hupiga kelele usiku kucha. Sisi tumenyimwa haki ya kuchagua watunzaji wa mji wetu, tukalala usingizi mzito. Wakubwa wa Kinshasa wana lawama yao, na twaitoa waziwazi: ahadi ya Katiba haikutimizwa. Lakini ahadi isiyodaiwa husahauliwa, na mdai alikuwa nani?

Fedha ipitayo mlangoni

Labda mtu atasema: "Baraza la komini litatupa nini? Ni viti vingine vya watu wa kula." Tumjibu kwa hesabu.

Sheria ya machimbo, kama ilivyorekebishwa tarehe 9 Machi 2018, inaagiza hivi. Kampuni inayochimba shaba hulipa ushuru wa machimbo wa 3.5 kwa mia. Kobalti, iliyowekwa kati ya madini ya maana ya pekee Novemba 2018, hulipa 10 kwa mia. Ushuru huo ukigawanywa, katika kila franka 100, franka 50 ni za serikali ya Kinshasa, franka 25 ni za jimbo, franka 15 ni za mji, komini, sekta au sheferi ambamo uchimbaji unafanyika, na franka 10 ni akiba ya vizazi vijavyo. Juu ya hayo, kila kampuni ya machimbo inapaswa kutoa 0.3 kwa mia ya mauzo yake kwa ajili ya maendeleo ya watu wanaoizunguka, na fedha hiyo isimamiwe na komiti yenye wajumbe wa watu wenyewe.

Basi hapa Haut-Katanga, nchi ya shaba na kobalti, fedha ya machimbo haiendi yote Kinshasa. Sehemu moja sheria yenyewe imeielekeza kwenye milango yetu. Ongezeni na ushuru ambao mama wa soko hulipa kila asubuhi kabla hajauza hata fungu moja la mboga. Nani anaihesabu fedha hiyo? Nani anauliza imejenga mfereji gani, imetengeneza soko gani? Kazi hiyo sheria imewapa washauri wa komini. Pasipo baraza, burgumesta aliyeteuliwa hujibu mbele ya aliyemteua, siyo mbele ya mama yule wa Kikula mwenye kapu la lengalenga.

Hatumshitaki mtu. Huenda burgumesta ni mtu mwema sana. Lakini hata mtu mwema sharti ahesabiwe. Katika parokia zetu, mtunza fedha wa chama cha akina mama husimama na kusoma daftari mbele ya wote: zimeingia kiasi hiki, zimetoka kiasi hiki, zimebaki kiasi hiki. Hakuna anayesema kwamba ametukanwa. Tunawezaje kudai hesabu ya michango ya harusi na matanga, tukaona haya kudai hesabu ya mji?

Tena jambo hili halihusu fedha peke yake. Mwaka 2009 waganga na wataalamu wa Lubumbashi na wa Leuven kule Ubelgiji walitangaza kwamba watu wanaokaa karibu na machimbo na mitambo ya Katanga wamekutwa na kobalti nyingi mno katika mkojo wao, na watoto kuliko watu wazima. Vumbi lile huingia kwa mtoto wa tajiri na kwa mtoto wa maskini, kwa mwenye chama na kwa asiye na chama. Anayesema kwamba siasa za mji hazimhusu, na ayaambie mapafu ya mtoto wake.

Majibu kwa wanaokaa nyumbani

Twajua visingizio vyetu, tumevisikia vyote. Tuvitazame kimoja kimoja.

Wa kwanza husema: "Mkristu mwema hajiingizi katika siasa." Hapa watu wanachanganya mambo mawili. Sheria ya Kanisa inamkataza padri kushika cheo cha utawala wa serikali. Hatakuwa burgumesta, hatakuwa meya. Lakini kwa sababu hiyohiyo kazi hiyo ni ya walei. Padri akizuiliwa na mlei akikataa, nani atabaki? Mtaguso wa Vatikani wa pili, mwaka 1965, uliwasifu wale wanaobeba mzigo wa kazi za watu wote kwa faida ya wenzao. Na hapa Kongo jambo hili si geni. Mwaka 1956, kundi la Wakatoliki wa Léopoldville, Joseph Ileo akiwamo, walitoa tangazo katika gazeti la Conscience africaine wakidai haki ya Wakongo kushiriki katika kuitengeneza nchi yao. Hawakungoja waitwe.

Someni tena habari za Nehemia. Kuta za Yerusalemu zilikuwa zimebomoka. Nehemia hakungoja mfalme wa Uajemi alete mafundi. Aliwagawia watu ukuta kipande kwa kipande, na wengi wao walijenga mbele ya nyumba zao wenyewe: makuhani, mafundi wa dhahabu, wachuuzi, hata mtu mmoja pamoja na binti zake. Ndivyo mji unavyosimama. Wahenga wa Kiswahili walisema neno lilelile kwa ufupi: usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Wa pili husema: "Siasa huleta ugomvi wa makabila, afadhali kukaa mbali." Neno hili twalijibu kwa uchungu, maana mji wetu una kovu. Mwaka 1992 na 1993, katika siku za gavana Kyungu wa Kumwanza na chama cha UFERI, watu wenye asili ya Kasai walifukuzwa katika nyumba zao hapa Likasi. Wengi wao walikuwa wamezaliwa hapa. Baba zao na babu zao walikuwa wameandikwa na Union Minière na kuletwa kwa treni. Maelfu walilala katika stesheni ya reli, kwenye mvua na jua, wakingoja treni ya kuwapeleka Kasai ambako wengine hawakuwahi kufika maishani. Waganga wa Médecins Sans Frontières walikuja kuwatibu. Wengi walikufa, watoto kwanza.

Sasa tuulize: ubaya ule ulifanyika kwa sababu watu wema walikuwa wamejiingiza mno katika siasa? Sivyo. Maneno yalisemwa juu, lakini kazi yenyewe ilifanywa chini, kartie kwa kartie, avenyu kwa avenyu, na watu waliojua vema nani anakaa nyumba ipi. Ile nayo ilikuwa siasa ya karibu, ila iliachwa mikononi mwa wenye chuki. Pahali ambapo jirani hukutana na jirani kila mwezi kuzungumza habari za mfereji mmoja na bomba moja, mchochezi hupata shida. Pahali ambapo hawakutani kamwe, mchochezi hukuta shamba limekwisha kulimwa, anapanda tu. Kukaa mbali hakukuwaokoa watu wa 1992, na hakutawaokoa watoto wetu.

Wala asiwepo mtu wa kusema juu ya mwenzake, "Huyu ni mgeni." Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Katika mji huu wa vibarua wa miaka mia, sote tumekwisha kulishika jembe. Anayelima ni mwenyeji.

Wa tatu husema: "Mimi ni mtu mdogo, sauti yangu haifiki." Twamjibu kwamba hajaijaribu. Kifungu cha 27 cha Katiba yetu kinampa kila Mkongo haki ya kuandika barua ya madai kwa mkubwa wa serikali, peke yake au pamoja na wenzake, na mkubwa huyo apaswa kujibu ndani ya miezi mitatu. Ni kartie ngapi zimekwisha kuitumia haki hiyo? Tazameni majirani zetu. Katika Tanzania, sheria ya mwaka 1982 ya serikali za mitaa inaweka mkutano mkuu wa kijiji, ambao wajumbe wake ni wakazi wote waliotimiza miaka 18. Katika Kenya, Katiba ya mwaka 2010 iliweka kaunti 47, na tangu uchaguzi wa Machi 2013 kila kaunti ina gavana na baraza lililochaguliwa, na watu sharti washirikishwe katika mambo yao. Hatusemi kwamba huko ni mbinguni. Wizi upo na uvivu upo. Lakini mwananchi wa huko akitaka kuuliza, mlango wa kuulizia umekwisha kuwekwa. Sisi mlango wetu umeandikwa katika sheria, lakini haujafungiwa bawaba, na hatugongi.

Tukumbuke pia kwamba mwaka 2023, kwa hesabu ya Tume ya Uchaguzi yenyewe, waliopiga kura katika nchi nzima hawakufika nusu ya walioandikishwa. Wengine walizuiwa na fujo, na mitambo iliyokwama, na ofisi zilizochelewa kufunguliwa. Hao hawana lawama. Lakini wengine walikaa tu. Hao ndio tunaosema nao.

Wa nne hasemi kitu, anakula. Huyu ndiye anayepokea fulana, kipande cha kitenge, sukari na bia, akisema, "Hizi ni fedha zetu, tuzile kwanza." Haya, tuhesabu pamoja naye. Kitenge kimoja hupauka kabla ya mwaka kwisha. Kiti kilichonunuliwa kwa kitenge hicho hudumu miaka mitano. Kwa miaka mitano mwenye kiti atakuambia, naye atasema haki, "Wewe nilikwisha kukulipa." Januari 2024 Tume ya Uchaguzi ilifuta kura za watahiniwa 82 kwa udanganyifu na fujo. Watu 82 wameadhibiwa. Na waliopokea bahasha zao ni wangapi? Mwaka mmoja kabla yake, tarehe 2 Februari 2023, Baba Mtakatifu Fransisko alisimama mbele ya vijana katika uwanja wa Mashahidi, Kinshasa, akawataka wakatae rushwa kwa sauti moja. Waliitikia kwa nguvu, uwanja ukatikisika. Kuitikia uwanjani ni rahisi. Kazi ni kuitikia mbele ya bahasha, peke yako, hakuna anayekuona.

Kazi yenyewe

Hatupendi kumaliza kwa maneno matupu. Haya ndiyo tunayoyataka kutoka kwa kila parokia ya Likasi, na hakuna hata moja linalohitaji fedha nyingi wala cheo.

Kwanza, tujue. Kila jumuiya ndogo ya Kikristo iwe na watu wawili, mwanamume na mwanamke, wanaojua jina la mkubwa wa kartie, ofisi ya komini, siku za kazi, na kodi ambazo sheria inazitaka sokoni. Ujinga wetu ndio mshahara wa mtoza ushuru mwongo. Mama wa soko anayejua kiasi halali na kudai risiti amekwisha kuanza siasa njema.

Pili, tuandikishe. Mtoto aandikwe katika daftari la komini ndani ya siku 90 baada ya kuzaliwa. Mtoto asiye na cheti hana jina mbele ya serikali. Kesho atahangaika kwa ajili ya mtihani, kwa ajili ya kadi, kwa ajili ya urithi. Twabatiza kwa shangwe, na ni vema. Tupite pia komini.

Tatu, tukutane. Salongo ya Jumamosi isiishie katika kufagia. Baada ya kufagia watu wakae kivulini nusu saa: mfereji upi umeziba, bomba lipi limepasuka, nani atakwenda kusema. Yaandikwe katika daftari, na juma la nne lisomwe tena lile daftari. Wakaribishwe Waprotestanti, Waislamu, Wakimbangu na wasio na dini, kwa maana kipindupindu hakiulizi mtu anasali wapi.

Nne, tuandike. Kartie moja, jambo moja, barua moja, sahihi nyingi, tarehe juu yake, na nakala ihifadhiwe. Miezi mitatu ikipita bila jibu, iandikwe ya pili, ikitaja ya kwanza. Barua isiwe na matusi wala isimtaje mtu kwa kabila lake. Iombe jambo la wazi: hesabu ya sehemu ya komini katika ushuru wa machimbo, taa za soko, siku ya uchaguzi wa washauri wa komini zetu nne. Hili la mwisho lisiachwe kamwe mpaka lipatikane.

Tano, tukubali kutumwa. Siku ya kura ya komini itakapofika, wasiachwe wagombee wale tu wenye magari ya vipaza sauti. Katika kila kartie kuna mwalimu ambaye watu humpelekea magomvi yao, kuna mama anayetunza fedha za wenzake bila kupunguza hata franka moja, kuna mstaafu wa Gécamines anayejua kila bomba lilikopita chini ya ardhi. Hao ndio tunaowataka. Na mtu wa namna hiyo akiombwa asijibu kwa unyenyekevu wa uwongo, "Mimi siwezi." Anaweza. Anachoogopa ni kuchafuka, na hofu hiyo tunaielewa; lakini nyumba haifagiliwi na mtu anayeogopa vumbi. Sisi wengine tusimwache peke yake akiisha kuingia. Tumkague, na tumtetee.

Watu watatuambia kwamba haya ni madogo. Kweli ni madogo. Makubwa tumekwisha kuyajaribu: tumepiga makofi kwa wakubwa, tumewalaani wakubwa, tumewangoja wakubwa, na mfereji bado umeziba. Babu zetu, waliokuwa vibarua wasio na haki yoyote, walithubutu kusema mwaka 1941 mbele ya bunduki. Sisi tuna Katiba, tuna kifungu cha 27, tuna hesabu ya franka 15 katika kila 100, na hakuna aliyetuzuia kuandika barua.

Mwezi ujao, mkubwa wa kartie atakapoita watu, twende. Tuketi mbele. Tena twende na daftari.